Jino la Gia ya Tatu

Mezani kwangu kuna kikopo cha kioo chenye vipande vitano vya chuma. Kikubwa kuliko vyote hakizidi ukucha wa kidole gumba. Ni meno ya gia, na yote yametoka kwenye giaboksi moja. Matatu yalivunjika mara ya kwanza, mawili mara ya pili. Nimeyatunza kwa sababu karibu kila ninachokijua leo kuhusu kuchagua gia imara nilikipata kwa kuyatazama, na mara ya kwanza sikuyatazama.

Gari lenyewe ni dogo, linavutwa na magurudumu ya mbele, na lilitoka kiwandani bila turbo. Nilifunga turbo, nikabadilisha pistoni na koneksheni rodi, nikaweka nozeli kubwa, na kompyuta ya injini ikapangwa upya. Lilipopandishwa kwenye mashine ya kupimia nguvu lilitoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni-mita (Nm) 380, zaidi ya maradufu ya ile lililozaliwa nayo. Giaboksi sikuigusa. Nilijua kwamba siku yake itafika, ila nilidhani itatoa dalili kwanza: mlio, gia kuruka, ugumu wa kuingia. Haikutoa hata moja. Nilikuwa gia ya tatu, nimekanyaga hadi chini, turbo imejaa, nikasikia mlio mmoja mkavu kama tawi linalovunjwa gotini, kisha tak, tak, tak, tak, kadiri magurudumu yalivyokuwa yakizunguka. Gia ya nne iliingia vizuri tu. Nikarudi nayo taratibu hadi gereji.

Fundi wangu ni mzee aliyefungua giaboksi nyingi kuliko miaka niliyoishi. Alipomimina oili kwenye beseni, meno matatu yakatoka nayo. Mimi tayari nilikuwa nimeshika simu, naangalia gia za kuagiza.

"Mwanangu," akaniambia, "hilo jino umelisoma?"

Nikamwambia, "Mzee, jino si limevunjika tu?"

"Limevunjika, ndiyo. Limevunjikaje?"

Sikuwa na jibu, na siku hiyo sikulitafuta. Niliagiza gia. Lakini swali la yule mzee ndilo lililopaswa kuja kabla ya mengine yote, kwa hiyo hapa naliweka mwanzo.

Jino lililovunjika husema. Ukilishika kwenye mwanga na kulitazama pale lilipokatikia, utaona mojawapo ya sura mbili. Sura ya kwanza ni eneo lililo laini, karibu kung'aa, lenye mistari iliyopinda kama mawimbi yanayosambaa kutoka mahali jiwe lilipotua majini. Baada ya eneo hilo kuna sehemu ndogo yenye chembechembe, kijivu, kama sukari iliyovunjwa. Huo ni uchovu wa chuma: ufa ulianza mahali fulani, mara nyingi kwenye shina la jino, ukatembea kidogo kidogo, kila mzigo ukiusogeza, hadi chuma kilichobaki kikashindwa na kukatika kwa mara moja. Sura ya pili haina mawimbi. Uso wote ni chembechembe. Hilo ni pigo: jino lilikuwa zima, likapokea mshtuko mmoja uliozidi uwezo wake, likaenda.

Hizi ni hukumu mbili tofauti kabisa. Jino la uchovu linadai mkazo upunguzwe kwenye shina lake, iwe kwa jino pana zaidi, chuma bora, au mzigo mdogo. Jino la pigo linakutaka uangalie klachi, namna unavyochomoka, na magurudumu yanayorukaruka yanapotafuta mshiko. Ukimnunulia mgonjwa wa pigo gia za gharama kubwa na kuacha pigo lenyewe, utarudi kwenye beseni lile lile. Pia kuna majeraha ya usoni yasiyovunja jino mara moja: vishimo vidogo katikati ya uso, ambavyo ni uchovu wa ngozi ya chuma, na mikwaruzo inayoelekea kwenye ncha, ambayo inasema utando wa oili ulikatika na chuma kikagusana na chuma. Ukiona rangi ya bluu, joto lilipita kiasi.

Jino langu lilikuwa la uchovu. Theluthi mbili za uso wake ni laini, zenye mawimbi yaliyo wazi hata bila lenzi. Ila kulikuwa na jambo jingine nililoliona baadaye sana: mawimbi hayakuanzia katikati ya upana wa jino. Yalianzia pembeni, upande mmoja, kwenye kona. Kumbuka kona hiyo.

Nilinunua seti ya gia zenye meno yaliyonyooka. Wengi wanaoanza hununua hizo, kwa sababu imezoeleka kusemwa kwamba meno yaliyonyooka ni imara na ya mshazari ni dhaifu, na kwamba ndiyo maana magari ya mashindano hulia ule mlio wa king'ora. Mlio ni kweli. Sababu si hiyo.

Gia nyingi za kiwandani zina meno ya mshazari. Kwa kuwa jino limelala, linaingia kwenye kazi polepole kuanzia upande mmoja, na kabla halijatoka jenzake limeshaingia. Kwa kawaida mzigo unabebwa na meno mawili au zaidi kwa wakati mmoja. Meno yaliyonyooka hugusana kwa upana wote kwa mkupuo. Uwiano wao wa mgusano, yaani wastani wa meno yanayogusana kwa wakati mmoja, kwa kawaida ni kati ya 1.4 na 1.6, maana yake kuna sehemu ya kila mzunguko ambapo jino moja peke yake linabeba kila kitu. Ukichukua chuma kile kile, upana ule ule na ukubwa ule ule wa jino, gia ya mshazari mara nyingi ndiyo hubeba zaidi.

Basi kwa nini mashindano? Kwa sababu mshazari una deni lake. Jino lililolala husukuma shafti kwa urefu wake. Kwa mshazari wa nyuzi 30, nguvu ya kusukuma huko ni kama asilimia 58 ya nguvu inayozungusha gia. Kama jino linapokea nyutoni 20,000, kuna nyutoni 11,500, zaidi ya uzito wa tani moja, zinazobana beringi na ukuta wa kasha. Meno yaliyonyooka hayana msukumo huo. Aidha ni rahisi kuyatengeneza, rahisi kubadilisha uwiano wa gia moja moja, na nguvu yanayopoteza kwenye msuguano ni pungufu. Na seti nyingi za mashindano zimeondolewa sinkronaiza (kifaa kinachosawazisha mwendo wa gia na shafti kabla hazijashikana), kwa hiyo nafasi iliyokuwa ya pete za sinkronaiza imerudishwa kwa gia zenyewe, zikawa pana. Hapo ndipo nguvu nyingi ilipotoka: kwenye upana. Mwaka 1892 mhandisi Wilfred Lewis alieleza hesabu ya jino la gia kama kijiti kilichoshikwa upande mmoja na kubanwa ncha, na hadi leo mafundi wa kubuni gia huanzia kwenye wazo hilo: mkazo wa shina hupungua sawasawa na jino linavyopanuka. Jino lililopanuliwa kwa asilimia 20 limepunguziwa mkazo karibu kwa sehemu moja ya sita. Mnyooko haumo kwenye hesabu hiyo kama dawa.

Gia zangu zilizonyooka zilikuwa na upana ule ule wa kiwandani, kwa kuwa zilitengenezwa ziingie na sinkronaiza zilezile. Sikuuliza. Nilifunga, nikaishi na kelele, na kwa muda mambo yakawa mazuri. Kisha kona za meno mawili ya gia ya tatu zikamomonyoka.

Safari hii nilikuja na vipande mkononi, na mzee hakuuliza kitu. Alichukua rangi ya bluu ya kupimia mgusano, akaipaka nyembamba kwenye meno mazima yaliyobaki, akafunga shafti kwenye kasha, akaniambia nizungushe huku yeye akizuia kwa mkono upande wa pili. Alipofungua, alama ilikuwa kwenye theluthi moja ya jino, pembeni. Upande ule ule wa kona nilizokuwa nazo kwenye kikopo tangu mara ya kwanza.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayetaka gia imara alishike. Gia mbili zinapobebeshana mzigo hazizungushani tu, zinasukumana ziachane. Nguvu hiyo inatokana na umbo la ubavu wa jino, na ipo kwa meno ya mshazari na yaliyonyooka vilevile. Shafti hupinda kidogo katikati. Kasha la alumini hufunguka kidogo. Beringi zilizochakaa huongeza kidogo tena. Ukijumlisha vidogo hivyo, shafti mbili zilizokuwa sambamba zinakuwa zimeachana upande mmoja, na jino lenye upana wa milimita 20 linabeba mzigo kwa milimita 7. Unaweza kununua chuma bora kuliko vyote duniani, kikapewa theluthi ya jino cha kufanyia kazi.

Joto nalo linachangia. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kasha likipanda nyuzi 80 za selsiasi juu ya joto la gereji, shafti yenye urefu wa milimita 300 inakuwa imeachwa nyuma na kasha kwa takriban milimita 0.26. Kama beringi zako ni za koni, zile zinazohitaji kubanwa kwa kiasi maalumu wakati wa kufunga, sehemu kubwa ya ule mbano inaweza kutoweka njiani. Ndiyo maana fundi mzuri hupima unene wa vibati vya kubania kwa maikromita na kufuata kipimo cha mtengenezaji wa kasha. Yule anayekaza mpaka "ahisi iko sawa" anaondoka na kazi ya baadaye.

Lakini mbona ya tatu? Mara zote mbili gia ya tatu ilikufa, na ya kwanza, ambayo kila mtu hudhani ndiyo inayoteseka, ilikuwa nzima. Swali hili lilinikosesha usingizi hadi nilipokaa na kalamu.

Giaboksi haipokei torki yote ambayo injini inaweza kutoa. Inapokea ile ambayo matairi yanaweza kuishikilia. Tairi likiteleza, mzigo unaishia hapo. Gari langu linapochomoka lina takriban kilo 700 juu ya magurudumu ya mbele. Kwa tairi la kawaida kwenye lami kavu, chukua mshiko wa 1.0, yaani tairi linashika kwa nguvu iliyo sawa na uzito ulio juu yake; nusu kipenyo cha gurudumu ni mita 0.31. Hiyo inatoa Nm 2,130 hivi kwenye ekseli, basi. Uwiano wa gia ya kwanza, yaani mara ambazo shafti ya kuingilia huzunguka ili ya kutokea izunguke mara moja, ni 3.5, wa difu ni 4.1, ukizidisha unapata 14.35. Gawanya: injini ikifikisha Nm 148 kwenye gia ya kwanza, matairi yanaanza kuteleza. Gia ya pili, yenye uwiano wa 2.0, inafika Nm 260. Gia ya tatu, 1.35, inafika Nm 385. Injini yangu hutoa 380. Kwa hiyo gia ya tatu ndiyo ya kwanza ambamo matairi yanashikilia kila kitu na jino linapokea torki yote ya injini bila msamaha.

Endelea hadi kwenye jino. Umbali kati ya shafti mbili za giaboksi yangu ni milimita 75. Gia ndogo ya kwanza, kwa uwiano huo, ina kipenyo cha milimita 33 hivi, ya pili 50, ya tatu karibu 64. Ukipima nguvu inayoligusa jino, ya kwanza inapokea takriban nyutoni 8,900, ya pili 10,400, ya tatu 11,900. Na gia ya tatu ya giaboksi nyingi za namna hii ina jino jembamba kuliko la kwanza, na inakaa mbali na beringi, mahali shafti inapopinda zaidi. Kisha inatumika muda mrefu. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kila jino la shafti ya kuingilia linapigwa mara 100 kwa sekunde. Sekunde 10,000 za kukanyaga hadi chini, chini ya saa tatu ukizijumlisha, ni mapigo milioni moja. Uchovu unataka hivyo hasa.

Fanya hesabu hii kwa gari lako kabla ya kufungua pochi. Inahitaji uzito, uwiano wa gia, ukubwa wa tairi na torki, vitu unavyoweza kuvipata jioni moja. Gari linalovutwa na magurudumu yote manne litakupa jibu tofauti kabisa, kwa sababu uzito wote unashika barabara na gia ya kwanza inapokea mzigo wa kweli. Ukifunga matairi laini ya mashindano yenye mshiko wa 1.3, mzigo wa gia za chini unapanda kwa asilimia 30 bila kugusa injini. Nimewaona watu wakibadilisha matairi wiki moja na kushangaa giaboksi wiki inayofuata.

Kwa hiyo muuzaji anapokuambia gia zake "zinabeba farasi 800", muulize: kwa torki gani, kwenye gari la uzito gani, kwa matairi gani? Farasi, kipimo cha nguvu ya injini, ni torki iliyozidishwa na mzunguko. Injini inayotoa farasi 400 kwa mizunguko 9,000 inalitendea jino upole kuliko dizeli ya farasi 250 iliyojaza torki chini. Jino halijui farasi.

Uwiano wenyewe ni silaha inayosahaulika. Kwa kuwa umbali kati ya shafti haubadiliki, ukipunguza uwiano wa gia ya kwanza, gia ndogo inanenepa. Tuchukue gari linalovutwa na magurudumu yote manne, lenye umbali ule ule wa milimita 75 na matairi yanayoweza kupokea Nm 350 zote. Kwa uwiano wa 3.5 jino la gia ya kwanza linapokea nyutoni 21,000. Kwa 2.8, gia ndogo inakuwa ya milimita 39.5 na nguvu inashuka hadi 17,700. Asilimia 16 imepatikana kwa kubadilisha hesabu ya meno tu, na huku mbele, kwenye difu na ekseli, mzigo umepungua pia. Utachomoka kwa uzito kidogo, lakini injini yenye turbo ina nguvu ya kufidia.

Mfano mzuri ni giaboksi ya Borg-Warner T5 iliyokuwa ndani ya Ford Mustang. Ya mwaka 1985 ilipewa kiwango cha futi-pauni 265, yaani karibu Nm 360. Ya 1990 ikapanda hadi 300, karibu Nm 407. Kisha ikaja iliyoitwa T5Z, ikafika 330, karibu Nm 447. Mpangilio wa ndani na ukubwa wa kasha ni ule ule. Kilichobadilika hasa ni chuma cha gia na mambo madogo ya beringi, na kwa T5Z gia ya kwanza ilishushwa kutoka 3.35 hadi 2.95. Hakuna aliyenyoosha meno. Ilibaki ya mshazari, ikanyamaza kimya, ikabeba asilimia 24 zaidi.

Kuhusu chuma nitasema yale ninayouliza sasa kila ninapozungumza na muuzaji. Gia nzuri huwa na ngozi ngumu na moyo mnyumbufu. Hutengenezwa kwa chuma cha kaboni kidogo chenye nikeli, kromu na molibdenamu, aina kama 8620 au 9310, kisha hupikwa katika hewa yenye kaboni hadi ngozi ishibe, ndipo hupoozwa ghafla. Ngozi hufikia ugumu wa Rockwell C 58 hadi 62, na kwa gia za ukubwa wa gari dogo huwa na kina cha karibu milimita moja. Ndani hubaki laini kiasi cha kuvumilia mshtuko. 9310 ina nikeli zaidi ya asilimia 3, na moyo wake ni mvumilivu kuliko wa 8620. Kwa gari linalopokea mapigo, ningelipa tofauti hiyo. Muuzaji akishindwa kutaja aina ya chuma wala kina cha ngozi, ninaaga.

Swali linalofuata ni kama meno yamesagwa kwa jiwe baada ya kupikwa. Upikaji hupindisha chuma. Gia ambayo haikusagwa baadaye imebaki na upindaji wake. Halafu uliza kama jino limevimbishwa kidogo katikati, kwa sehemu ndogo sana za milimita, ili shafti inapopinda mgusano usikimbilie kwenye kona. Hili ndilo lingeokoa gia zangu za pili, angalau kwa muda. Kupigwa shina la jino kwa vigoroli vidogo vya chuma pia kuna faida ya kweli: ngozi inabanwa, na ufa hupata shida kuanza mahali palipobanwa. Ila mtu asikuuzie huduma hiyo kwa gia iliyochoka. Kama ufa upo tayari, vigoroli haviufungi. Gia ya zamani ipimwe nyufa kwa sumaku kwanza. Kugandisha kwa baridi kali, ambako hutangazwa sana, kuna sayansi yake lakini kusiwe sababu ya kuchagua seti moja na kuacha nyingine.

Na uliza vipuri. Kampuni za muda mrefu kama Quaife ya Uingereza au PPG na Albins za Australia zinajulikana kwa seti zinazoingia kwenye makasha ya kiwandani. Iwe hizo au nyingine, cha kujua ni kama utaweza kununua gia ya tatu peke yake siku itakapohitajika, au utalazimika kununua seti nzima.

Sinkronaiza au dogi? Sinkronaiza, iliyoingia kwenye magari ya Cadillac mwaka 1928, husawazisha mwendo wa gia na shafti kabla hazijashikana. Giaboksi ya dogi haisawazishi. Ina vijino vichache vikubwa ubavuni mwa gia, na unaingiza kwa nguvu na kwa haraka. Ukiingiza kwa upole, kama ulivyozoea, ncha za dogi zinalika, na zikishalika gia inaanza kuruka. Kwa gari la kila siku, lenye foleni na abiria, mimi sishauri dogi. Kwa gari la mashindano ni sahihi, kwa sababu inabadilisha haraka na inarudishia gia upana. Mtu aamue gari lake ni lipi, aache kutaka yote mawili.

Klachi nitaigusa kidogo, ingawa ndiyo inayovunja meno ya pigo. Nishati iliyomo kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini, hupanda kwa mraba wa mzunguko: ukiachia klachi kwenye mizunguko 6,000 badala ya 3,000 umemwaga ndani ya giaboksi mara nne ya nishati. Pleti yenye vipande vichache vya shaba na isiyo na springi katikati inapitisha mshtuko huo wote. Nilirudi kwenye pleti yenye springi na sijutii. Vilevile fundi wa kompyuta ya injini alinishushia presha ya turbo chini ya mizunguko 3,500 kwenye gia ya tatu na ya nne, ambako torki ilikuwa inalipuka ghafla. Sikuhisi tofauti barabarani. Jino limehisi.

Seti niliyoifunga hatimaye ni ya meno ya mshazari, yenye sinkronaiza, gia ya tatu na ya nne zikiwa na upana ulioongezwa, chuma 9310, zimesagwa baada ya kupikwa. Uwiano wa gia ya kwanza sikuugusa, kwa kuwa hesabu ilionyesha kwamba kwenye gari langu matairi yanailinda. Ila kabla gia hazijafika nilitumia muda na fedha kwenye vitu visivyopendeza kwa picha: beringi mpya zote, matundu ya beringi kwenye kasha kupimwa na mawili kuchongwa upya na kutiwa bushi za chuma, na bati nene la katikati linaloshikilia shafti zisiachane. Mzee alipaka bluu tena. Alama ikakaa katikati ya jino, ndefu, kama asilimia 80 ya upana. Akaniita niione, akasimama kando bila kusema neno.

Oili ni ile aliyoitaja mtengenezaji wa gia, 75W-90 ya daraja la GL-4, kwa sababu pete za sinkronaiza ni za shaba nyeupe na baadhi ya oili za GL-5 zina salfa inayozila. Kizibo cha kumwagia oili kina sumaku. Nilikifungua baada ya kilomita 500 kikiwa na uji mzito wa kijivu, jambo la kawaida kwa gia zinazozoeana. Baada ya kilomita 5,000 kilikuwa na vumbi jepesi tu, la kufutika kwa kidole. Nimekifungua tena mwezi huu, kilomita 22,000. Nilikisugua kati ya vidole viwili nikitafuta chembe yenye ncha, na haikuwepo hata moja.